Sinema Aliyocheza Baba Mkwe

Baba mkwe wangu nilimfahamu kwa miguu. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kimepinda kwenda nje, na kisigino cha kushoto kilikuwa na ufa usiopona kiangazi wala masika. Nilimfahamu pia kwa mgongo, kwa fimbo na kwa kikohozi. Nilikaa nyumbani kwake, nikala mchele wa shamba lake, nikamzalia mjukuu, akafa, akazikwa karibu na jiko langu, na uso wake sikuwahi kuuona.

Asiye wa kwetu atadhani tulikuwa na ugomvi. Hapana, ni mila. Mkamwana wa Kinyakyusa anamtila baba mkwe wake, na kumtila ni kumwogopa kwa heshima: humtazami, husemi naye, mkikutana njiani mmoja anachepuka, na jina lake hulitaji. Yeye naye ana wajibu wake. Akikaribia kona ya nyumba anakohoa, ili upate nafasi ya kujificha. Miaka ile ya tisini familia nyingi za kanisani zilikuwa zimeshalegeza, watu wanashikana mikono na wakwe zao bila wasiwasi. Kwa akina mume wangu, pale Ipyana, walikuwa wazee wa kanisa na walikuwa wanatila. Vyote viwili, na hakuna aliyeona tatizo.

Mimi ni mtoto wa Mbeya mjini. Mila hii nilikuwa nimeisikia kwenye mazungumzo ya shangazi zangu na kuicheka. Niliolewa Kyela nikiwa na kidato cha nne changu na mdomo wangu, na mwezi wa kwanza nilidhani nitarudi kwetu. Mara mbili nilikutana na mzee ghafla kwenye njia ya kisimani, mimi nikaganda na ndoo kichwani, na mara zote mbili yeye ndiye aliyeingia kwenye migomba akasimama humo amenipa mgongo mpaka nipite. Mara ya pili nilimsikia anacheka peke yake huko ndani. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda.

Jina lilinisumbua kuliko uso. Jina lake lilikuwa ndilo neno lenyewe la Kinyakyusa la yale maji yanayoanguka kutoka mawinguni. Sasa fikiria mkamwana asiyeruhusiwa kulitamka neno hilo, halafu anaishi Kyela, mahali ambapo maji hayo yanakuja wakati wowote yanapotaka, mpunga umeanikwa au haujaanikwa. Wenzangu wakipiga kelele kuita watu waanue, mimi nilikuwa napiga kelele: "Maji ya juu! Maji ya juu!" Majirani walikuwa wanavunjika mbavu. Nilipozoea, hata kwa Kiswahili neno lile likaanza kunikaa vibaya mdomoni, ingawa Kiswahili hakina hatia. Hata katika kuandika haya mkono wangu unalikwepa, na mtanisamehe.

Kisha nikajifungua mtoto wa kike, na mzee akatuma ujumbe kupitia kwa mama mkwe: mtoto apewe jina lake yeye. Wakamwambia ni wa kike. Akasema jina halina suruali wala gauni. Basi mtoto akaitwa hivyo, nyumba nzima ikamwita hivyo, majirani wakamwita hivyo, isipokuwa mimi niliyemzaa. Mimi nilimwita mama, nilimwita kipenzi, nilimwita wewe. Nilikasirika, nasema ukweli. Niliona mzee amenipa mtoto halafu amefunga mlango katikati yetu na kuondoka na ufunguo.

Watu wa sinema walikuja mtoto akiwa anatambaa. Ulikuwa wakati ambao biashara ilikuwa imefunguliwa kila upande. Mchele wa Kyela ulikuwa unapakiwa kwenye malori mchana kweupe, na mume wangu alikuwa kwenye malori hayo, leo Mbeya, kesho Makambako. Mitumba ilikuwa imejaa sokoni. Pale Bondeni, Kyela mjini, mfanyabiashara mmoja, mtu mzima wa Kiislamu ambaye babu yake alitoka pwani, alikuwa amenunua televisheni kubwa na jenereta, akageuza ghala lake kuwa ukumbi wa video. Madirisha aliyaziba kwa magunia. Ni yeye aliyewapokea watu wale kutoka Dar es Salaam, na ni yeye aliyewaambia kwamba kama wanataka mji mkongwe kwa ajili ya hadithi yao, waende Mwaya.

Maana Mwaya ulikuwa mji kabla Kyela haijawa mji. Meli za ziwani zilikuwa zinafika pale, kulikuwa na forodha, kulikuwa na maduka yenye baraza pana, na babu wa huyo mfanyabiashara alikuwa na duka mojawapo. Bandari ilipohamia Itungi watu wakaifuata, wakaacha kuta. Sinema ilikuwa ya mapenzi: kijana wa tajiri na binti wa mvuvi, baba wa huku hataki, baba wa kule hataki. Walipiga picha kwenye baraza la duka moja Kyela mjini, kwenye kanisa la matofali karibu na kwetu Ipyana, kwenye forodha ya zamani ya Mwaya, na kwenye fukwe za Matema. Na mzee wetu akaajiriwa.

Alikuwa anaondoka asubuhi kwa baiskeli. Mimi niko jikoni, nasikia kikohozi, najificha nyuma ya mlango, nasikia baiskeli inapita na kitu cha bati kinagongagonga nyuma yake. Wiki hiyohiyo keni ya kumwagilia miche ya kakao ilipotea, ikabidi nimwagilie kwa bakuli, na nikawalaani wezi kwa sauti kubwa ili wanisikie. Jioni mzee anarudi, na kupitia ukutani namsikia anamtambia mama mkwe.

"Nimo," anasema.

"Umo wapi?"

"Kwenye sinema. Nimo. Mtaniona wenyewe mkiwa na macho."

"Unafanya nini humo?"

"Bila mimi mapenzi yale yasingeshika." Na hapo anacheka mpaka anapaliwa.

Hakusema zaidi ya hapo, si siku ile wala baadaye. Mama mkwe alidhani amecheza baba wa binti. Mume wangu alidhani amecheza mchungaji. Mimi sikuulizwa, lakini nilikuwa na dhana yangu kwamba amecheza mtu mkubwa, kwa jinsi fimbo yake ilivyoanza kugonga chini kwa nguvu.

Mwaka uliofuata akaugua. Kikohozi cha adabu kikawa kikohozi cha kifua, na mimi nikapotea kabisa. Zamani nilijua akikohoa nichepuke. Sasa alikuwa anakohoa kutwa, na mimi kutwa nzima nilikuwa najificha nyuma ya milango, nyuma ya ghala, na mtoto mgongoni, namkwepa mtu asiyeweza kuinuka kitandani. Chumba chake kilipakana na ukuta ninapooshea vyombo. Jioni nilikuwa namwogesha mtoto pale, nikimsemesha: haya mama, geuka kipenzi, toa mkono wewe. Upande wa pili kimya kabisa, hata kikohozi kinatulia. Nilidhani amelala.

Alipofariki nikajua kwamba sasa nitamwona. Watu walipanga mstari kumuaga na mimi nikaingia kwenye mstari, khanga nimejifunga. Dada zake wakanitoa. Mmoja akaniuliza kwa upole, na upole ule ulikuwa unachoma: "Alipokuwa anaweza kukukimbia hukumtazama. Leo hawezi hata kugeuka, ndiyo unataka kumtazama?" Nilirudi nyuma ya nyumba kwa wenzangu waliokuwa wanapika, nikasonga ugali wa msiba na machozi yakaingia humohumo.

Picha ilikuwepo moja tu, kwenye kadi yake ya zamani ya chama, ndani ya sanduku la mama mkwe. Mto Kiwira ulipofurika kabla mimi sijaolewa, maji yalilala ndani ya nyumba, na ile picha ikabaki kola ya shati na juu yake doa jeupe.

Baada ya msiba ndipo mambo yakaanza. Niko kwenye njia ya kisimani, nasikia kikohozi, viwili vifupi vikavu, kama alivyokuwa anakohoa akiwa mzima. Naingia kwenye migomba na ndoo yangu. Nasubiri. Hapiti mtu. Watoto wa jirani wananitazama nimesimama humo nimegeukia jani la mgomba. Mara nyingine jikoni, mara nyingine kwenye miche ya kakao. Sikumwambia mtu kwa sababu nilijua wataniombea, na mimi sikutaka kuombewa. Wakati huohuo mtoto alikuwa anakua, na kila aliyeingia pale alikuwa anashika kidevu chake na kusema: "Jamani, babu yake mtupu!" Nilikuwa nautazama uso wa mwanangu, nauona uso ambao watu wote wanaufahamu isipokuwa mimi, na jina lake sitamki. Nilikuwa naogopa mtoto wangu mwenyewe. Hilo sikulitaka. Nilitaka kumwona mzee mara moja tu, nijue ni nani anayenikoholea, nijue ni nani yuko kwenye sura ya mtoto, ili nimalizane naye.

Nikaamua kuifuata ile sinema. Nilimwambia mume wangu nataka kuanza biashara ya vyungu vya Wakisi, wale wafinyanzi wa kandokando ya ziwa, kununua kule mnadani Matema na kuuza Kyela. Akafurahi. Vyungu nilivinunua kweli, lakini nilichokuwa nakitafuta kila nilipopita ni watu waliomwona mzee siku za picha.

Kwenye baraza la duka la Kyela mjini, mshona nguo mmoja aliniambia binti wa sinema alisimama hapa, kijana akamdondoshea leso hapa. Nikauliza kuhusu mzee. Akasema alikuwa na uso mrefu, mpole, macho ya usingizi. Kanisani, mama mmoja anayefagia akasema hapana, uso wa mviringo, na macho makali sana, hayalali. Nikachukua uso mrefu na uso wa mviringo, nikaenda nazo. Usiku nilijaribu kuziunganisha nikapata mtu wa ajabu ambaye hata mama mkwe asingemkubali.

Mwaya nilifika kwa lori la wavuvi, saa za mchana, jua linawaka. Sikuwa nimewahi kufika. Barabara pana ina mashimo ya kutosha kufugia bata, kushoto na kulia nyumba ndefu za zamani zenye nguzo nene, na katika kila nyumba sehemu moja inakaliwa na watu na sehemu iliyobaki inakaliwa na mibono. Niliifuata hadithi ya sinema nyumba kwa nyumba, kwa sababu kila mtu pale alikuwa anaijua. Hapa ndipo wapenzi walipokimbizwa. Hapa binti alilia. Hapa walijificha nyuma ya mlango wa duka ambalo sasa lina mbuzi. Watu walikuwa wanaonyesha kwa fahari kubwa, mji wao ulikuwa umesahaulika miaka mingi kisha watu wa Dar es Salaam wakaja kulia machozi ya uongo mbele ya kuta zao.

Forodha ilikuwa mwisho, karibu na maji. Jengo la ghorofa moja, ngazi za mawe, paa la bati lililopata kutu, na mbele yake uwanja mdogo. Mama mmoja alikuwa anakaanga maandazi kivulini.

"Ugonile," nikamsalimia.

"Ndaga. Karibu, mama. Na wewe umekuja kwa sinema?"

Nikamwambia mimi ni mkamwana wa yule mzee wa Ipyana aliyefanya kazi na watu wale. Akaacha mwiko ndani ya mafuta.

"Yule mzee! Lo! Yule alikuwa juu. Alikuwa juu kabisa yule. Wenzake wote walikuwa chini, yeye juu."

Nilivimba kichwa. Basi ni kweli, amecheza mtu mkubwa, pengine mkubwa kuliko wote. Nikamuuliza uso wake ulikuwaje. Akafikiri. Akasema hakuuona vizuri, jua lilikuwa linammulika machoni kila alipomtazama. Nikanunua andazi nikaenda kukaa kwenye ngazi za forodha, mahali ambapo wapenzi walikumbatiana, kwa sababu watu walisema palikuwa hapohapo.

Ndipo nikasikia kikohozi, viwili vifupi vikavu, kutoka juu yangu.

Niliruka kama mtu aliyekalia siafu, nikashuka ngazi, nikajifunika khanga kichwa kizima na kusimama nimegeukia ukuta. Mchana kweupe, katikati ya Mwaya, mwanamke mzima na andazi mkononi, amegeukia ukuta wa forodha. Nilisubiri miguu ipite. Nilikuwa naiangalia ardhi chini ya khanga yangu, nakisubiri kile kidole gumba kilichopinda. Hakikuja. Yule mama wa maandazi alikuja kunishika bega akasema tu, "Ndaga, mwanangu." Kwetu kule neno hilo ni asante na ni pole, na siku ile sikujua ananipa ipi.

Matema sikuuliza mtu. Nilinunua vyungu, nikaangalia milima inavyoingia majini, nikarudi nyumbani. Nilikuwa nimechoka na mzee.

Kanda ilifika Kyela mtoto akiwa ameanza kukimbia na kusema kila kitu. Mfanyabiashara wa Bondeni alituma ujumbe mwenyewe: Jumapili baada ya ibada, familia ya marehemu ije, viti vya mbele. Mama mkwe alivaa kitenge chake cha Pasaka. Njiani, tumepakiwa kila mmoja kwenye baiskeli yake, akanipigia kelele kutoka nyuma ya mwendeshaji wake: "Usiogope. Nitakukoholea."

Nilimwelewa mara moja. Mila inakataza kumtazama baba mkwe. Hakuna aliyesema kama akiwa ndani ya televisheni inaruhusiwa, na hakuna wa kumuuliza. Basi mama mkwe alikuwa ameamua: akitokea kwenye picha, yeye atakohoa badala yake, na mimi nitajifunika. Mimi nilikuwa nimeamua kinyume chake. Akikohoa, nafumbua macho mara mbili. Nimefuata uso huu mpaka Mwaya, leo sijifichi.

"Karibuni, wanangu, karibuni," alisema mwenye ukumbi pale mlangoni, kwa Kiswahili chake kile laini. Kisha akainama kwa mama mkwe. "Marehemu aliniambia, siku mke wangu akija, mkalishe karibu kabisa, maana ni mbishi."

"Na yeye alikuwa mwongo," mama mkwe akajibu, na akakaa mbele kabisa.

Ukumbi ulijaa. Jenereta likanguruma nyuma, picha ikaja, na kila sehemu niliyopita ikaja nayo. Baraza la mshona nguo. Leso ikadondoka. Watu wakapiga mluzi, si kwa ajili ya mapenzi, kwa ajili ya baraza. "Pale kwa fundi! Pale pale!" Kanisa likaja. Mchungaji alikuwa mtu mwingine. Baba wa binti akaja, akapiga kelele, akatupa nyavu, na alikuwa mtu mwingine. Mama mkwe hakukohoa. Mikono yangu ilikuwa imeshika ncha za khanga tayari, na nilikuwa nasikia moyo wangu kuliko jenereta.

Mwaya ikaja. Mlango wa mbuzi ukiwa bado mlango. Forodha. Wapenzi wakasimama chini ya ngazi, binti ana gauni jekundu, wamegombana, anataka kuondoka. Na hapo maji yakaanza kuwaangukia.

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Unawadanganyaje watu wa Kyela kwa kitu hicho? Jua lilikuwa linawaka, vivuli vikali chini. Maji yalikuwa yanawaangukia wale wawili tu. Hatua chache nyuma yao ardhi ilikuwa kavu, na kuku alikuwa anapita hapo taratibu, mkavu, anadonoa. "Yananyesha kwa watu wawili!" mtu akapiga kelele. "Na kuku kanyimwa!" Watu wanapiga viti, wapenzi wanakumbatiana, muziki unalia, na katikati ya zogo lile mama mkwe akakohoa. Viwili, vifupi, vikavu. Alikohoa kama yeye.

Nilijifunika. Baada ya yote yale, nilijifunika. Mikono ilifanya yenyewe kabla sijaiambia, na nikabaki gizani ndani ya khanga yangu, nasikia maji, nasikia vicheko, najichukia.

Kisha nikahisi mkono wa mama mkwe. Aliishika khanga yangu kwenye paji la uso na kuishusha polepole, na mama mkwe yule ndiye aliyenifundisha kujifunika, mwezi wangu wa kwanza, kwa mkono uleule.

"Tazama," akasema. "Ni mkono tu."

Juu kabisa ya picha, pale paa la forodha lilipoishia, kulikuwa na mkono mweusi wa mzee, na mkono huo umeshika keni. Ile keni yetu ya miche ya kakao, yenye bonde ubavuni. Iliinama, maji yakatoka kwenye matundu yake, yakamulikwa na jua, yakawaangukia wapenzi. Keni ikaisha, mkono ukarudi nyuma. Ikaja tena imejaa. Alikuwa juu, kama alivyosema mama wa maandazi. Uso hakuna. Mama mkwe alikuwa anacheka na machozi yanashuka, anarudia: "Mwongo yule. Mwongo mkubwa yule. Nimo, nimo." Na mimi nilikuwa nimeelewa kitu ambacho ukumbi mzima haukujua unakichekea, kwamba mzee alikuwa amekwenda kulicheza jina lake.

Tulirudi kwa miguu, mama mkwe hakutaka baiskeli. Mawingu yalikuwa yanapanda kutoka ziwani. Tulipita mashamba ya mpunga, kisha akasema, bila kunitazama:

"Alipokuwa anaumwa, kila jioni akishakunywa uji alikuwa ananiuliza swali moja. Ameshamwita?"

"Nani?"

"Wewe. Mtoto. Ulipokuwa unamwogesha pale ukutani alikuwa anazuia kifua chake ili asikie. Jina lile alimpa makusudi. Alisema, mkamwana wangu ana mdomo, namsikia anavyowatukana wezi, huyu hatavumilia. Siku moja atamwita mtoto wake, na mimi nitakuwa nimeitwa naye. Basi ananiuliza, ameshamwita? Mimi nasema bado. Anasema haya, labda kesho."

Nilisimama katikati ya barabara. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Alinikataza," akasema. "Na mimi nilidhani tuna muda."

Nililia njia yote iliyobaki, kwa hasira na kwa upendo, na sikujali nani ananiona. Mwanamume yule alikuwa amelala upande wa pili wa ukuta anasubiri nivunje mila, na mimi, mtoto wa Mbeya niliyeicheka mila hiyo, nilikuwa nimeishika kuliko wote.

Nyumbani mtoto alikuwa uwanjani anachimba shimo kwa kijiko. Mama mkwe alipita moja kwa moja akaingia ndani. Mimi nilisimama kwenye mlango wa jiko. Kutoka pale kaburi linaonekana, na miche ya kakao nyuma yake. Midomo ilikuwa mizito. Nikaita jina la mwanangu, lote, kwa sauti, kama majirani wanavyoliita.

Mtoto aliinua kichwa. Alinitazama, kisha akatazama mawingu, akanyoosha kiganja mbele.

"Bado, mama," akasema. "Mvua bado."

"Si mvua," nikamwambia. "Nakuita wewe."

Nikamwita tena. Safari hii alikuja mbio na kijiko chake, akanikumbatia miguu kwa mikono ya udongo, na nikamshika kidevu nikamtazama sana. Nilisikiliza upande wa kaburi. Hakuna aliyekohoa. Sikuchepuka, nikabaki nimesimama palepale mlangoni na mtoto, na mvua ikaanza kunyesha.